Neno la Shukrani kwenye Meza ya Sahani Ndogo

Jumanne, 4 Juni

Naandika shajara hii kwa sababu moja: siku nitakapokuwa kiongozi, watakaotaka kujua nilianzaje wasiwategemee wenye wivu. Wenye wivu ni wengi. Mmoja ameketi dirishani.

Leo Mkurugenzi ametuita sisi wawili tulio katika kipindi cha majaribio: mimi, na yule mwenzangu aliyewahi kufika siku ya kwanza akatwaa meza ya dirishani. Humu nitamwita Dirishani. Jina lake halistahili wino wangu. Mkurugenzi ametufahamisha kwamba nafasi ya msaidizi wake ni moja tu. Ijumaa jioni atatualika kula pamoja na mteja wetu mkubwa, mama mmoja mwenye viwanda, katika mgahawa ulio juu kabisa ya hoteli ile ya vioo. Anataka kuona tunavyojimudu mbele za watu. Dirishani akauliza kama kuna lolote la kuandaa. Mkurugenzi akasema hakuna, tuje tu na njaa zetu.

Hakuna la kuandaa! Mtego ulioje. Katika kila karamu inayojiheshimu, mgeni mmoja husimama mwishoni kutoa neno la shukrani. Atakayesimama ndiye msaidizi. Nimeanza kuandika.

Jumatano, 5 Juni

Hotuba imekamilika. Kurasa sita. Nimeisoma mbele ya shangazi, ambaye naishi kwake, alipokuwa akipiga pasi. Kufikia ukurasa wa tatu alikuwa amemaliza mashuka yote na anatafuta kingine cha kunyoosha. Nilipomwomba maoni, akasema sauti ninayo, hilo halina ubishi, lakini mtu aliyeshiba hataki kusomewa, anataka kulala. Maoni yenye uzito. Nimeongeza mzaha ukurasa wa nne ili kuwaamsha.

Ofisini Dirishani ameniuliza kama nina tai ya kumwazima. Nikamjibu kwa adabu kwamba kwa bahati mbaya sina. Ninazo tatu.

Alhamisi, 6 Juni

Mkakati wa pili: njaa. Agizo la mkubwa halitekelezwi nusunusu. Tangu jana jioni nimekunywa chai kavu tu. Shangazi amefunua sufuria ya wali mbele yangu kwa makusudi, harufu ikanifuata mpaka chumbani. Akasema, "Wewe mtoto wa kaka yangu, kwa watu hatuendi na tumbo tupu. Utanitia aibu."

Nimekataa. Kikaoni tumbo likanguruma. Dirishani akatazama dari kama anayetafuta radi. Nami nikatazama dari, ili lawama ibaki huko.

Jumamosi, 8 Juni

Jana sikuweza kuandika. Naeleza kwa utaratibu.

Nilifika kabla ya wote, nikakalia kiti cha kuume kwa Mkurugenzi. Mhudumu akanihamisha kwa upole. Kilikuwa cha mama mwenye viwanda. Nikawekwa kushoto, mkabala na Dirishani, aliyevaa tai ya mtu mwingine.

Sahani ya kwanza ilikuwa pana kama beseni. Katikati yake, samaki wa ukubwa wa kifungo cha shati, juu yake povu. Nilidhani ni pambo, nikangoja chakula. Ikaja ya pili: kipande cha boga kilichochongwa kama kazi ya sonara. Ikaja ya tatu: kijiko kimoja cha barafu ya ndimu.

Barafu! Kila mwenye elimu anajua kwamba vitu vya baridi huja mwishoni. Karamu imekwisha! Na hapo hapo Dirishani akaweka kijiko chini, akakohoa kusafisha koo. Alitaka kuniwahi. Nikainuka.

Ukurasa wa pili, wahudumu wakatokea mlangoni wamebeba sahani zilizofunikwa. Waliponiona nimesimama, wakageuka na sahani zao. Nikafarijika: hata jikoni wananiheshimu. Mzaha wa ukurasa wa nne, mama mwenye viwanda akatazama saa. Nikahitimisha. Wakapiga makofi. Barafu yangu ilikuwa imeshakuwa maji.

Kisha ikaja nyama.

Nikaelewa hali mara moja. Ile hotuba sasa imekuwa ya ufunguzi, na ya kufunga iko wazi, yeyote anaweza kuichukua! Ilibidi niwe macho. Kila Dirishani alipojifuta mdomo, nilisimama. Nikasimama baada ya nyama. Nikasimama baada ya jibini. Kila mara mhudumu alikikunja kitambaa changu vizuri, na sahani zikarudi zilikotoka. Mwishowe Mkurugenzi akanivuta pindo la koti, akaninong'oneza:

"Kijana, humu sahani haitoki jikoni mpaka wote tumekaa. Ukisimama wewe, tunakosa kula sisi. Kaa, tafadhali."

Nikakaa. Lakini mama alikuwa na safari, akaondoka kabla ya ile keki ya chokoleti ambayo, alisema, ndiyo aliyoifuata. Dirishani akamwomba mhudumu amfungie kipande chake kwenye kiboksi, akamkimbizia mpaka kwenye gari. Kujipendekeza kulikokubuhu!

Nyumbani nilikuta shangazi ameniwekea wali, ameufunika. Nilikula nimesimama. Shangazi alicheka kwa mabega tu.

Jumapili, 9 Juni

Katibu muhtasi amepiga simu, siku ya mapumziko. Nafasi ya msaidizi amepewa Dirishani. Mama mwenye viwanda alimtaja Dirishani yeye mwenyewe, kwa kile kiboksi. Nimeumia. Nimeumia sana, nikakaa kitandani na tai zangu tatu.

Kuhusu mimi, Mkurugenzi ataamua kesho kama nitabaki ofisini kwa kazi yoyote ile au nitaaga. Katibu, ambaye ana mtoto wa rika langu, akanisihi kama mzazi: "Ukiingia, mwanangu, ukae. Usikilize. Na bosi amesema usije na karatasi yoyote, hata risiti." Shangazi aliposikia akainua mikono juu, akasema afadhali, sasa tutapumzika.

Nimeyatafakari masharti hayo kwa kina. Kukaa: nitakaa. Ni dhahiri kwamba kosa la Ijumaa lilikuwa kusimama. Karatasi: sitabeba hata moja.

Hotuba sasa ina kurasa nane, pamoja na pongezi kwa Dirishani na ombi la meza yake ya zamani. Nimekwisha kukariri hadi ukurasa wa tano. Shangazi amehamia kwa jirani na pasi yake.

Kesho, Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, ofisini kwa Mkurugenzi.