Nilivyozimia Mbele ya Kaka kwa Sindano ya Watafiti wa Presha

Leo nimeanguka, jamani. Siyo kibiashara, huko mimi siangukagi. Nimeanguka sakafuni, puu!

Mnanijua. Darasa la saba, lakini maduka ya vifaa vya ujenzi nimefungua mwenyewe, na Njiro, Arusha mjini, nimejenga (geti linafunguka lenyewe). Sasa kuna watafiti wamekuja zahanati ya kwetu Olmotonyi, wanachunguza kama presha inarithiwa kwenye damu. Mama yetu alipoozeshwa na presha hadi akafa. Dada anayo. Nina watoto, nataka kujua nitawaachia nyumba tu au na ugonjwa.

Wanataka ndugu wote wa tumbo moja. Tumebaki watatu. Dada alishatoa damu. Kaka yangu Lazaro akagoma: "Damu yangu haiingii kwenye chupa ya mtu."

Leo nikamfuata shambani, nikamtia kwenye gari. Kufika, benchi limejaa wanaume wa rika letu. Nikaona hapa ndipo pa kumpa maneno (kwa sauti, wote wasikie).

"Kaka, siku ya jando hatukupepesa jicho. Kisu kile! Leo unakimbia sindano? Tazama mwanaume."

Nikakunja shati. Nesi, binti mdogo tu, akasema, "Shikamoo baba. Angalia pembeni."

"Marahaba. Niangalie pembeni, kwani kuna nini?"

Nikaitazama sindano. Damu ikapanda kwenye mrija. Nyeusi! Masikio yakavuma kama mashine ya kusaga. Nilichoona baada ya hapo ni dari, na nesi ananipepea kwa kofia yangu ya kauboi (ile ya bei).

Halafu mtu akacheka mpaka akakohoa. Lazaro!

"Mwanaume ndiyo huyu? Binti, njoo hapa. Mtoe damu mtu aliyetahiriwa akiwa macho!"

Akanyoosha mkono. Hakupepesa. Na wenzetu waliokuwa wanasitasita wakapanga foleni nyuma yake, ili tu wasifananishwe na mimi.

Mtafiti akanipa mkono nikiwa bado chini. "Mzee, umetusaidia sana. Familia yenu imekamilika."

Tangu wiki iliyopita nambembeleza Lazaro kwa maneno! Ningejua, ningeanguka siku ileile.

Kwa hiyo nimeshinda. Nimeshinda nikiwa nimelala chali, lakini nimeshinda. Anayetaka kucheka, aje kwanza na mkono wake.