Majina Kumi na Saba Kwenye Ruta

Jumatatu, 3 Machi
Daktari Mkuu ameniuliza kikaoni nani aliyetengeneza kinga ya ruta, kile kifaa cha intaneti cha hospitali yetu. Nimesema mimi. Limenitoka tu! Ukweli ni programu huria, niliipakua bure, na walioiandika ni watu kumi na saba. Majina yao yako ukurasa wa kwanza. Kesho anakuja kuiona. Kuna cheo kinanukia: Mkuu wa Mitambo. Miwani, yule wa maabara, naye anakimezea mate.

Jumanne, 4 Machi
Nimefuta majina yote. Nimeweka langu, herufi kubwa. Daktari ameliangalia kwa heshima. Saa nane programu ikajisasisha yenyewe, na majina yakarudi. Yote! Nimeyafuta tena na kuzima masasisho. Sasa tutaona.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani amekuja. Eti wenye programu wametangaza tundu la hatari ndani yake, wezi wa mtandaoni wanaweza kupita, na kiraka tayari wamekitoa, bure. Nisasishe leo hii. Nimemwambia asinifundishe kazi. Kijicho hicho! Nikisasisha majina yatarudi, na cheo kinatangazwa Jumatatu.

Jumatatu, 10 Machi
Hakuna kilichotangazwa. Mtu ameingia kupitia tundu lile lile na kufunga picha zote za eksirei za wagonjwa, hazifunguki. Upasuaji umeahirishwa. Wa tatu kwenye orodha alikuwa Shangazi, aliyenilea tangu nina miaka minne. Nimemkuta ameketi kitandani, ameshavaa gauni la upasuaji, hajala tangu jana. Amenipa pole kwa kazi nyingi.

Jumanne, 11 Machi
Miwani amesasisha ruta na kurudisha picha kutoka nakala alizotunza maabara. Hakunisema kwa mtu. Bora angenisema.

Mchana nimekwenda wodini, nimemweleza Shangazi kila kitu. Alikuwa anakunja shuka. Aliikunja mpaka ikaisha, ndipo akaniangalia.

“Hao watu kumi na saba, mwanangu, walikukosea nini?”

Nimelia mbele ya wodi nzima, mtu mzima mimi.

Ijumaa, 14 Machi
Shangazi amepasuliwa jana, salama. Leo amekunywa uji na kuulalamikia, kwa hiyo anapona. Cheo amepewa Miwani. Ameniachia ruta, amesema kila mtu hukosea mara moja.

Sitamwangusha. Nimekuwa mtu mwingine kabisa. Majina kumi na saba yako mahali pake, sijagusa hata moja, na nimeyasoma yote kwa sauti, kwa adabu. Nimeongeza la kumi na nane tu. Chini kabisa, herufi ndogo.

Ili lisije likafutika, nimezima masasisho.