Theluji ya Dhahabu Kwedizinga

Leo nimeaibika mchana kweupe, na ushahidi uko kichwani kwangu. Someni haraka kabla sijapata akili nikafuta.

Mnanijua, mimi Athumani mwenye duka hapa Kwedizinga. Wiki iliyopita nilikwenda Korogwe kwenye duka la jumla, nikarudi na katoni ya makopo ya sprei. Nusu ni ile theluji ya sherehe, povu jeupe wanalopuliziwa wahitimu siku ya mahafali. Nusu ni rangi ya dhahabu, ya kupulizia pikipiki na mageti. Makopo yenyewe yana umbo moja, maandishi yote ya Kichina; tofauti niliyoiona ni kifuniko tu, theluji cheupe, rangi cha njano. Mahafali ya sekondari yetu ni Jumamosi, na akiba yangu yote nimeiweka kwenye katoni hiyo. (Mke wangu alisema tununue mbolea. Tusiliongelee hilo.)

Juzi akaja afisa wa ukaguzi kutoka wilayani. Akakuta makopo nimeyapanga dirishani, jua linayachoma, na hatua chache pembeni mke wangu Mwanaidi anakaanga vitumbua kwenye jiko la mkaa. Yule bwana akashika kichwa.

"Mzee, haya yana gesi ndani! Yakipata joto yanalipuka! Halafu haya maandishi, mteja wako anajuaje kilichomo?"

Akaniagiza niyaweke kivulini, mbali na moto. Akasema pia kila kopo liwe na lebo ya Kiswahili: kilichomo, matumizi yake, hatari yake. Lebo hizo nimdai aliyeniuzia. "Nitarudi. Nikikuta hivi hivi, haliuzwi hata moja."

Sasa sikilizeni nilipopotea. Wakati anaaga tukaulizana kwao wapi. Mnyamwezi! Babu yake alikuja Korogwe kukata mkonge, wakabaki huku huku. Na mimi Mzigua. Watani kabisa! Nanyi mnajua, mtani akikuonya unasikia nusu. Nusu nyingine unasema huyu ananitania.

Kwa hiyo Korogwe sikwenda. Jana nikakaa na karatasi, kalamu ya wino mzito na gundi ya uji wa unga, nikatengeneza lebo mwenyewe. Kifuniko cheupe: THELUJI YA SHEREHE. PULIZA KICHWANI. HAINA MADHARA. Kifuniko cha njano: RANGI YA DHAHABU. PULIZA KWENYE CHUMA. Zote nikamalizia kwa WEKA MBALI NA MOTO, herufi kubwa, mstari chini. Mwandiko wangu mnaujua, hata daftari la msikiti naandika mimi.

Tatizo ni kwamba Mwanaidi alikuwa amevua vifuniko vyote asubuhi ile, akaviosha kwenye beseni moja. Vumbi la barabara yetu lilikuwa limevibadilisha rangi.

"Baba Zaina," akaniita, "hivi vifuniko nimevirudisha tu jinsi..."

"Mama Zaina, niache. Hii ni kazi ya kitaalamu."

Akaniacha.

Leo asubuhi mteja wa kwanza akawa Shabani wa bodaboda. Anataka tangi la pikipiki ling'ae, kesho anampakia bibi harusi. Nikamuuzia kopo la RANGI YA DHAHABU. Akaisoma lebo, akanisifia. "Mjomba, umekuwa kiwanda!" Nikavimba.

Haukupita muda, afisa huyo hapo. Akakuta makopo yako ndani, rafu ya chini, kivulini. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akachukua moja, akaligeuza geuza.

"Hizi lebo kakupa aliyekuuzia?"

"Nimeandika mwenyewe, mtani. Nyie mlikuja kwetu kukata mkonge, leo mnataka kutufundisha kusoma?"

Wateja wa vitumbua wakacheka, wakasogea. Naye akacheka.

"Mzigua na kalamu, makubwa! Una uhakika kilichomo ndicho ulichoandika?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

"Haya, toka nje, kaa mbali na hilo jiko, upulize tuone."

Ndugu zangu, ningeweza kupuliza chini. Ningeweza kupuliza ukuta. Ningeweza hata kupuliza mbuzi wa jirani, angenisamehe. Lakini mtani kakuchokoza mbele ya watu wenye vitumbua mkononi, halafu wewe upulize chini? Na lebo, tena kwa mkono wako mwenyewe, imesema PULIZA KICHWANI?

Nikavua kofia kwa heshima zote. (Nina upara. Wote mnaufahamu.) Nikafumba macho, nikainua kopo la THELUJI, nikapaza sauti: "Hongera, mhitimu!"

Pssssss.

Kitu cha kwanza, ubaridi. Sawa, theluji. Kitu cha pili, harufu. Harufu ya gereji. Kitu cha tatu, kimya. Watu wa Kwedizinga hawanyamazi hivyo hata msibani. Nikafumbua jicho moja. Bibi mmoja aliyekuja kununua chumvi alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

"Mwanangu," akasema, "kinang'aa."

Afisa akaninyang'anya kopo taratibu, akachokonoa lebo yangu kwa ukucha, akaibandua. Chini yake kulikuwa na picha ya pikipiki. Kubwa, nyekundu, magurudumu mawili na taa! Picha hiyo ilikuwepo siku zote. Mimi ndiye niliyeifunika kwa uji, kwa bidii, huku nimevaa miwani.

Hapo hapo tukasikia mlio wa pikipiki. Shabani! Tangi zima limejaa povu jeupe, jingine linamdondokea magotini.

"Mjomba, umeniuzia nini? Pikipiki yangu inatoka mapovu kama ina kifafa!"

Afisa alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Akafuta machozi. Nikajua yameisha, mtani amefurahi, tutayamaliza kiutani. Mara akajiweka sawa.

"Mtani amecheka," akasema. "Afisa hajacheka."

Akayatoa makopo yote kwenye rafu moja baada ya jingine, sote tukishuhudia. Akasema hakuna kuuza hata moja mpaka niyarudishe leo leo Korogwe, nikabadilishiwe kwa yenye lebo halisi. Nikaanza kubembeleza. Akanikatisha.

"Jumamosi wazazi wangenunua haya kwako, wakawapulizia watoto usoni. Rangi hii, machoni. Ungesemaje?"

Miongoni mwa wahitimu hao yumo binti yangu Zaina, na kopo la kwanza nilishaliweka pembeni kwa ajili yake. Hapo nawaambia ukweli, utani wote ulinitoka.

(Haukukaa nje sana. Mwanaidi alikuja na kitambaa kilicholowa mafuta ya taa anisugue, akanikalisha kando ya jiko lake. Afisa aliruka. "Mama! Mbali na moto! Sasa hata huyu ni wa kuwekwa kivulini!" Kata nzima ikasikia.)

Basi nikafungasha katoni, nikaifunika kwa kanga isipigwe na jua, nikapanda nyuma ya Shabani mwenye povu. Kofia ya pikipiki kaninyima, eti nitaipaka dhahabu. Kofia yangu Mwanaidi kainyakua, eti ni ya sikukuu ya Idi. Kwa hiyo nimeingia Korogwe kichwa wazi, saa saba mchana, jua la utosi. Trafiki aliyetusimamisha njiani hakuuliza leseni. Alituangalia, akaangalia pembeni, akatupungia tupite.

Mwenye duka la jumla kakubali kunibadilishia, lakini kwa sharti: nibandue lebo zangu zote kwanza, ili ajue kipi ni kipi. Uji wa unga ukikauka ni saruji, jamani. Niko hapa kwenye baraza lake na kitambaa chenye maji, nakwangua. Kila anayepita ananipa shikamoo, hata wazee.

Nawaombeni msicheke. Zaina kanipigia sasa hivi kwa simu ya mwalimu, habari imeshamfika shuleni. Hakucheka, mwanangu. Kaniuliza tu kama Jumamosi nitakaa na wazazi wenzangu, au nitatundikwa ukumbini pamoja na mapambo.