Mdomo wa Bibi Harusi wa Kuazima

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Daftari langu, salamu nyingi. Mimi sijambo. Baba watoto hajambo, yuko uani anachomelea geti la watu, cheche zake zimeshatoboa shuka langu la pili. Binti yangu Kioo hajambo, yuko mbele ya kioo, ndipo jina lilipotoka. Kitinda mimba wangu hajambo, yuko mbali kazini, anakula sijui nini. Chiriku wake dume hajambo, ila kanuna. Kama nimemsahau mtu anisamehe. Shule yangu iliishia kwenye somo la barua, na barua huanza hivi. Kioo ndiye aliyekununua. Kasema nikiandika nitaongea kidogo. Baba yake akaitikia amina.

Sasa shida. Huyu chiriku ni wa manjano kutoka utosi hadi mkia, rangi ya kuzalishwa na wafugaji, porini humkuti. Mwanangu aliniachia, akasema mama, nitunzie sauti yake. Alipotoka tu mlangoni, ndege akafunga mdomo. Mwanangu kila akipiga simu anaomba amsikie. Juzi nilijibanza nyuma ya tundu nikapiga mluzi mwenyewe. Kauliza kama ndege ana mafua.

Dawa nimeipata. Mke! Wifi yangu, dada wa baba watoto, ni fundi cherehani na anafuga chiriku wa kila rangi. Kaniazima jike mmoja, mgongo kijani, kifua cheupe. Sharti: Jumamosi anakuja kukagua. Akimkuta jike yuko tayari kutaga, anabaki kwangu hadi vifaranga. Hajawa tayari, anarudi kwao. Nikauliza utayari unaonekana wapi. Kasema hawa wa rangi za kuzalishwa usitazame manyoya, manyoya yanadanganya. Tazama mdomo.

Nikasema aa, wifi, hilo mbona nalijua siku nyingi.

Sikujua hata nukta.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Dume kaimba! Kajinyoosha, kajituna, akarukaruka kijitini kama kakanyaga kaa la moto. Nimelia. Baba watoto kauliza nani kafa.

Mdomo wa jike bado mweupe kama lulu. Nimetumia akili. Kioo akiwa tayari kutoka hupaka mdomo wekundu. Mwanamke ni mwanamke, hata mwenye mabawa. Basi nangoja wekundu. Kumbe hata chuo kikuu ningeenda tu!

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa! Ncha ya mdomo wa jike imeingia weusi. Ugonjwa huo. Nimemwambia baba watoto ni moshi wake wa kuchomelea, kaniulia ndege wa dada yake. Kajibu kwamba moshi wake unaelekea kwa jirani tangu siku aliyonioa.

Nimemsugua jike kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Kanidonoa kidole. Weusi hautoki. Nimemtenga jikoni asimwambukize mwenzake. Dume anaita sebuleni, jike anajibu jikoni, na mimi katikati na pamba yangu, kama mkwe aliyekuja kutembea akasahau kuondoka.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Weusi umefika nusu ya mdomo. Cha ajabu anakula kuliko sisi sote. Tena anachomoa nyuzi za kitambaa nilichomfunikia, anazikusanya pembeni, anazilalia. Maskini, homa imepanda kichwani.

Jioni mwanangu kapiga simu. Dume akaimba bila kuombwa. Mwanangu kasema mama, hapo sasa nimefika nyumbani.

Nimeapa. Jike haondoki humu ndani. Wifi hataona ugonjwa, ataona utayari. Na utayari uko kwenye mkoba wa Kioo.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nilimpaka asubuhi. Nilitaka rangi ya mdomo nyekundu, Kioo kaondoka nayo, nikabaki na ile ya waridi. Jike kapendeza! Angetoka nje angechumbiwa.

Wifi kaja, miwani kaiacha kwenye cherehani. Namshukuru Mungu, nikasema moyoni. Nilishukuru mapema. Kamtazama jike kwa mbali, kwa karibu, kwa jicho moja. Kasema bado kabisa, mdomo una uwaridi wa kitoto, huyu hajafikiria kutaga hata kwa ndoto. Akaongeza, huku anafungua kitundu chake, kwamba laiti angeuona mdomo umeingia weusi, ungekuwa mweusi hata kidogo, wallahi asingemgusa.

Weusi!

Daftari langu, nilisimama hapo na pamba mfukoni. Kufuta mara moja tu, basi. Lakini nikifuta, itabidi nieleze nilipaka nini, na kwa nini, na ule ujuzi wangu wa siku nyingi nilisomea wapi. Nikafungua kinywa. Kikatoka: karibu chai, wifi.

Kanywa vikombe viwili. Kaondoka na bibi harusi.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Wifi katuma ujumbe, baba watoto kausoma kwa sauti kama anatangaza mpira. Jike alipofika tu kaoga, kapangusa mdomo kijitini, mweusi ti kama sizi la sufuria. Sasa yuko na dume la wifi na yai la kwanza liko kiotani. Mwisho wa ujumbe: Wifi, hii ya waridi inauzwa wapi, nami nijipake? Halafu: mficha uchi hazai.

Baba watoto alicheka hadi akakaa chini. Kioo hacheki. Anataka nyingine mpya.

Dume kanuna.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Mwanangu kapiga. Kaomba kumsikia ndege. Nikaenda nyuma ya tundu, nikapiga mluzi kwa moyo wangu wote. Akanisikiliza hadi pumzi ikaniishia. Kisha kasema mama, najua ni wewe, nilijua tangu siku ya mafua. Nikataka kujitetea. Kasema usinyamaze, endelea.

Nikaendelea. Dume akaniangalia kwa dharau.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Wifi ana moyo, sikatai. Kaja leo na jike mwingine, kichwa chekundu, kifua cha zambarau kilichofifia. Kaniambia mbele ya mashahidi wawili, kaka yake na Kioo: huyu ni mdogo, mdomo mweupe, aachwe alivyo, asisuguliwe, asipakwe, subira tu. Atarudi kumtazama mwezi ukiisha. Nimeitikia kila neno. Nimemwambia sasa nimefunzwa, nimekoma.

Na kweli nimefunzwa. Kosa langu lilikuwa rangi. Nilipaka waridi, kumbe inatakiwa nyeusi!

Dume naye hamtazami huyu mtoto hata kidogo. Mwanangu atapiga kesho. Mwezi nitauvumilia vipi? Nimekwangua sizi chini ya sufuria, nimelichanganya na mafuta ya nazi, liko tayari kwenye kisosi. Kidogo tu, kwenye ncha. Dume akiona ataimba, na wifi hana haja ya kujua.

Wasalimie wote huko. Ukiwa na wazo bora kuliko sizi, nijibu upesi, kabla mafuta hayajaganda.