Mfumo Wangu Una Tausi

Jumamosi, 27 Septemba

Mwalimu Narsimhulu wa darasa letu la kompyuta ametangaza vita. Yeye ameuita mtihani, lakini mimi nayajua mambo. Ijumaa, mara tu baada ya sikukuu ya Dasara, wageni wa kampuni moja ya mtaa wa Madhapur watakuja hapa mtaani kwetu Ameerpet kutukagua. Kila mtu alete kompyuta yake, ile programu ya hifadhidata wanayotumia makampuni makubwa iwe imewekwa na inafanya kazi. Watamwajiri mmoja. Mmoja!

Lazima niwe mimi. Baba amepiga simu kutoka Guntur. Anasema nikiikosa kazi hii, nirudi nyumbani nikauze pilipili ghalani kwa mjomba. Mimi, Phanindra, msomi mzima, nikapige chafya mpaka uzeeni? Thubutu!

Mwalimu akasema hifadhidata haikai hewani, inataka mfumo wa kuendeshea kompyuta chini yake, na mifumo ya bure ya Linux imejaa tele. Akashauri tuchukue ule unaotolewa bure na wenye hifadhidata wenyewe. Mkavu, hauna hata pambo. Harika, mpwa wa mama mwenye nyumba wangu, akainua mkono kusema keshauweka. Keshauweka! Huyo binti siku zote keshafanya.

Nikasimama. Nikasema muuza dawa akikupa chakula cha bure, jiulize kuna nini. Mimi natumia Mayura, nao ni Linux ya bure! Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akauliza nimeuchagulia nini. Nikajibu: uhuru. Kweli yenyewe ni kwamba unapowaka, tausi anakunjua mkia kioo kizima. Lakini hayo hayamhusu.

Jumapili, 28 Septemba

Mayura umeingia bila tabu. Mzuri jamani! Nimeuzima na kuuwasha mara kadhaa nimtazame tausi tu.

Mchana nikaanza kuweka hifadhidata. Ikagoma. Ikaandika: mfumo huu haujulikani. Haujulikani na nani? Mimi naujua!

Harika kaleta idli, vile vitumbua vya mvuke, kutoka jikoni kwa shangazi yake, akachungulia kioo. Akasema kaka Phani, kuweka ule mwingine ni kazi ya asubuhi moja, nikuletee? Nikamwambia mwanamume hali matapishi yake. Akasema basi nile idli. Dharau hiyo. Nimezila zote, lakini kwa hasira.

Jumatatu, 29 Septemba

Ushindi! Nimegundua kwamba mfumo wowote una faili dogo lenye jina lake. Nikalifungua, nikafuta Mayura, nikaandika jina la ule mkavu. Hifadhidata ikauliza, wewe nani? Mayura ukajibu kwa jina la watu bila kupepesa macho. Ikakubali! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Jioni imekwama. Inataka kifurushi fulani cha programu ambacho Mayura hauna. Nikakitafuta, nikakileta, kikadai kingine, nacho kikadai ndugu zake. Mgeni mmoja anakuja harusini na ukoo mzima! Darasani Mwalimu kamsifu Harika mbele ya watu. Nikakohoa kwa nguvu mpaka akamaliza.

Jumanne, 30 Septemba

Siri, shajara, usiitoe. Nimeupakua ule mkavu, uko kwenye flashi. Kesho nauweka kimyakimya na kubandika picha ya tausi juu yake. Huko si kushindwa. Ni ujanja. 

Jumatano, 1 Oktoba

Balaa! Nimetoka kuoga, kompyuta haipo mezani!

Nikashuka mbio. Leo ni siku ya kuviombea baraka vitendea kazi, na Mama Andalamma, mwenye nyumba, kavikusanya vyote mbele ya sanamu ya mungu wa kike Durga: cherehani, mashine ya kusagia, bisibisi za mumewe, pikipiki imesogezwa mpaka mlangoni. Katikati, kompyuta yangu! Imepakwa manjano na unga mwekundu, imevishwa shada la maua. Pembeni yake ya Harika, nayo imepambwa. Lakini ya Harika iko tayari, imelala raha mustarehe!

Nikaomba niichukue kidogo tu. Mama akashika kiuno. Chombo kilichowekwa pale hakiguswi hadi kesho, kinapumzika. Nikasema mama, hicho si kitendea kazi. Akauliza kimeniletea wali gani mpaka leo. Nikasema bado. Akasema basi ndicho chenye shida ya baraka kuliko vyote.

Mchana, kila mtu amelala, nikanyata. Nikaikamata. Shada likanasa kwenye mashine ya kusagia, mashine ikaanguka, kishindo! Mama katoka anapiga kelele, mwanangu, unataka mungu akugeuzie uso? Nimepewa nazi za kukuna mpaka jioni.

Alhamisi, 2 Oktoba

Dasara. Nimerudishiwa kompyuta. Manjano yameingia kwenye vitufe, herufi Y inabonyea haitoki. Lakini siku nzima ni yangu, na flashi ninayo. Nimeokoka!

Ndipo akaja Harika na jani la mti wa jammi. Leo watu hupeana majani hayo, wanayaita dhahabu, wanakumbatiana na ugomvi unakwisha. Akalitia jani mkononi mwangu na kusema, kwa upole kabisa, kaka, tusahau yaliyopita, uweke ule mfumo, mbona nitakusaidia. Mbele ya Mama Andalamma! Mama akatabasamu kama aliyeona mtoto amekubali kunywa dawa.

Sasa nikiuweka si watasema Harika kaniokoa? Nikashukuru. Nikapanda chumbani. Nikaufuta ule mkavu kwenye flashi. Ukafutika. Heshima ni heshima. Nikarudi kwa Mayura, nikavibembeleza vifurushi kimoja kimoja, na kabla ya taa za jioni hifadhidata ikafunguka! Inafanya kazi! Sijathubutu kuizima.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mgeni mkuu alikuwa Bi Vasundhara, mama wa makamo, sauti ya chini. Alimwambia kila mtu jambo moja tu: zima, washa.

Nikazima. Nikawasha. Tausi akakunjua mkia. Bi Vasundhara akauliza ni mfumo gani. Nikataja ule mkavu. Akasema hajui kama siku hizi wanafuga tausi. Watu wakavunjika mbavu. Akauliza kompyuta yenyewe jina lake, nayo, mwaminifu wangu, ikadanganya vilevile. Hifadhidata haikuamka. Nikabonyeza, nikabonyeza, Y ikajiandika yyyyyyy mpaka ukingoni.

Bi Vasundhara hakufoka. Alisema mfumo anaouchagua hauchagulii uzuri. Mishahara ya watu imo humo, ukiharibika unampigia mwenye hifadhidata simu, naye atauliza jina la mfumo. Ukimpa jina la uongo, nani atakusaidia? Nilitaka ardhi inimeze.

Kamchukua Harika. Harika akalia, sijui alilia nini. Mimi nililia bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Guntur. Pilipili mpaka kwenye kope. Nimepiga chafya tangu alfajiri, na wapagazi wananiita injinia, wakinionyesha gunia la kubeba.

Yule mama alinionea. Tausi ndiye aliyemuudhi, basi. Watu wakavu huchagua mifumo mikavu.

Lakini subiri! Mjomba ana kompyuta ofisini. Imeungwa na mizani kubwa ya magunia, na hesabu zote za ghala zimo. Mfumo wake ni wa zamani, sura mbaya, hauna hata ua. Mjomba kaniapisha nisiiguse, huu ni msimu wa mauzo. Sasa hivi ameenda kula.

Mayura unaingia vizuri sana. Mizani imeandika kwamba haiutambui. Haina neno. Natafuta lile faili dogo la jina, niandike jina la mfumo wa zamani.