Siku Modem Yangu Ilipoamka

Leo nimeaibika, wandugu. Mchana kweupe, nyumbani kwangu mwenyewe.

Taabu ilinianza mwaka wa 1974, nikiwa na miaka tisa. Baba alikufa, nikaacha masomo mwaka wa tatu wa shule ya msingi, nikabeba mizigo bandarini. Kwa hiyo lile jina "Injinia" mulilonipa njo diplome yangu. Na juzi nilijisifu humu kikundini: "Masini yangu isipoongea kwa waya wa simu, musiniite Injinia tena."

(Kinywa hiki!)

Ordinateri yangu, yaani kompyuta, inaendeshwa na mfumo wa bure, ule watu wanauandika na kuugawa bila kuuza. Kadi tatu za modem, zile za kuiunganisha na simu, ziliukataa. Mama Riziki, fundi wetu, alizitupa mezani: "Papa, hizi ni nusu modem. Akili yao inabaki katika programu ya kununua. Tafuta yenye akili yake yote."

Leo nimeipata, tumboni mwa masini mbovu iliyotoka Kigoma. Tukaichomeka, tukawasha. Ikatambulika! Bila diski, bila kubembelezwa! Nikavua kofia. Watu wasiojua hata Kalemie yetu iko wapi walikaa, wakaandika, ili kadi ya muzee wa mwaka wa tatu iamke. Na hawakuniomba kitu.

"Sasa piga," nikasema. Nyumba hii ilikuwa ya wakubwa wa reli, tundu la simu liko ukutani mpaka leo. Modem ikalia: tok! Kisha kimya.

Mama Riziki akasoma kwenye kioo. "Inasema haisikii mulio wa simu."

"Ni kiziwi?"

"Hapana, Papa. Yenyewe nzima. Waya wa ukutani unaenda wapi?"

Tukaufuata. Ukatoka dirishani, ukazunguka nyumba, ukaingia uani, ukaishia kwenye mupapai. Juu ya waya huo zinaning'inia kaptura zangu nne, pamoja na ile yenye tundu.

Mke wangu hakuacha kuanika. "Si wewe uliukata, tukiwa bado tunapanga hapa? Kipande cha kwenda kwenye nguzo uliuza shaba, ukanunua wavu wako wa kwanza wa samaki. Hiki ukanipa mimi. Ukasema: Mama, simu hairudi tena."

Kweli tupu. Simu niliikula mwenyewe.

Mama Riziki alicheka mpaka akakaa chini. "Pole, Papa Kamba!"

Basi. Leo nina nyumba moja, mitumbwi miwili, mbuzi sita, modem moja yenye akili yake yote, na kamba ya nguo. Jina la Injinia nimelirudisha. Ila wa kwanza kucheka humu, aje aanue zile kaptura.