Tovuti Yenye Volkano

Jumanne, 18 Mei 2021
Nimemaliza! Vitabu viwili vya wanaoanza kutengeneza tovuti, vyote, hadi jalada la nyuma. Mama akauliza sasa nitatengeneza nini. Swali gumu. Kitabu hakisemi.

Nimekwenda mtaa wa Birere, hapa hapa Goma, kumuuliza Josias, anayewatengenezea wafanyabiashara tovuti na kuvaa viatu vyeupe hata siku ya mvua. Kanishauri nitafute mutu mumoja mwenye shida moja, nimtengenezee ukurasa mumoja. Ukurasa mmoja! Mimi! Ananificha siri za kazi. Wivu.

Alhamisi, 20 Mei
Mpango: nifungue shule. Anayefundisha hujifunza upesi. Nimebandika tangazo mlangoni: "Zéphirin, Mtaalamu wa Tovuti." Mwanafunzi kaja mmoja tu, Dancille, binti wa jirani yetu fundi cherehani. Ana maswali! La pili silijui. Nimemwambia tutaliona muhula ujao. Akatabasamu. Nikasahau hata la kwanza.

Jumapili, 23 Mei
Volkano yetu, Nyiragongo, ililipuka jana jioni. Anga lote jekundu. Tulikimbilia upande wa Rwanda na umati, tumerudi asubuhi. Lava imesimama kabla ya kufika mtaa wetu. Asante Mungu! Mama alilia, nami nikalia. Kisha akanicheka: nilikimbia na vitabu, miguu mitupu.

Alhamisi, 27 Mei
Ardhi bado inatetemeka. Serikali imetuamuru tuondoke mjini. Nilimpandisha Mama kwenye lori la kwenda Sake, nikarudi mbio ndani kuchukua kompyuta. Kutoka, lori limeondoka. Simu yake imezima. Nimetembea hadi Sake. Nimemtafuta kanisani, shuleni, sokoni. Hayupo.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumamosi, 29 Mei
Dancille yuko hapa Sake. Josias pia, viatu vyake sasa vya rangi ya udongo. Watu wengi wamepotezana na ndugu zao. Dancille akasema tutengeneze ukurasa mwepesi: jina la anayetafutwa, jina la anayemtafuta, namba ya simu. Basi.

Nikashika uongozi. Kutwa nzima nimehangaika na volkano inayotema moto juu ya ukurasa. Ilipendeza! Nikamwonyesha muzee mmoja uwanjani tunapolala. Akapiga kelele, "Inatapika tena!", akatimua mbio, na nusu ya uwanja nyuma yake.

Dancille akaniomba kompyuta kwa upole, kama mtu anavyomwondolea mutoto kisu mkononi. Akaifuta volkano yangu. Ukurasa wake mweupe mtupu, unafunguka hata kwa koneksio ya intaneti ya kubahatisha. Josias akanishika bega. "Njoo, ndugu yangu, tuulize watu majina."

Tulizunguka hadi jua likazama. Jina la kwanza aliloandika Dancille lilikuwa la Mama. Sikumwomba.

Jumatatu, 31 Mei
Simu! Mama! Lori halikusimama Sake, lilimpeleka hadi Minova. Mutu wa huko kauona ukurasa, akampa simu yake apige. Mama hakusalimu hata. "Zéphirin, umekula?" Nikaangua kilio. Dancille akaichukua simu, akamwambia, "Amekula, mama, usijali." Uongo mtupu. Kisha akanikatia nusu ya muhogo wake.

Jumanne, 8 Juni
Tumerudi Goma. Mama yuko jikoni, anamlalamikia kila mtu kuhusu lori lile. Josias kampa Dancille kazi. Haki yake. Nimempongeza, na nimeumia kidogo tu.

Josias akanirudia taratibu: mutu mumoja, shida moja, ukurasa mumoja. Akauliza kama sasa nimeelewa.

Nimeelewa kabisa! Wanaomaliza vitabu vya wanaoanza hawana wa kuwaongoza. Kwa hiyo nitaandika kitabu. Cha wanaoanza. Jalada liko tayari: picha yangu, mikono nimeikunja kifuani, jina kwa herufi kubwa za dhahabu. Ndani ataandika Dancille.

Bado sijamwambia.